Malalamishi rasmi: yanamaanisha nini kisheria, na hayamaanishi nini

Haya ni maneno ya mazungumzo yetu ya jana usiku. Nimeyaandika kwa sababu wengi waliingia kikao kikiwa katikati, na wengine bando iliwaishia kabla hatujafika penye utamu. Kanuni ya uzi huu haijabadilika: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye komenti nitafuta, hata kama unayemsema ni yule ambaye mimi mwenyewe simpigii kura.

Tuanze na sentensi tatu ambazo mmezisikia wiki hii na mtazisikia tena wiki ijayo.

Ya kwanza ni ya jukwaani: "Huyo ameripotiwa EACC, kuna malalamishi rasmi!" Watu wanashangilia kana kwamba hakimu ameshasoma hukumu. Ya pili ni jibu lake, kwa kawaida kwenye kipindi cha asubuhi redioni: "Hakuna malalamishi yoyote rasmi dhidi yangu." Upande wa pili nao unashangilia, mtu wao ametakaswa. Ya tatu ni ya afisa mwenye tai mbele ya vipaza sauti. Video ya tukio imezunguka nchi nzima siku tatu, naye anasema: "Kufikia sasa hatujapokea malalamishi rasmi." Halafu anaenda zake chakula cha mchana.

Wote watatu wanalitumia neno moja kama ukuta wa kujificha nyuma yake. Leo nataka tuupige ukuta huo kidogo tuone umejengwa na nini.

Kisheria, malalamishi rasmi ni taarifa unayoipeleka kwa ofisi yenye mamlaka ya kuishughulikia, ukisema nani alifanya nini, lini, wapi, na unaiomba ofisi hiyo ifanye nini. Sikilizeni hapo kwa "yenye mamlaka", kwa sababu ndipo mzigo wote ulipo. Watu wanadhani urasmi ni Kiingereza kigumu na barua ya wakili yenye kichwa cha dhahabu. Sivyo. Sheria ya CAJ, ile tume tunayoiita Ombudsman, inakubali malalamishi ya mdomo. Ya IPOA, wanaosimamia mienendo ya polisi, vilevile. Unasema, yanaandikwa. Kinachoyafanya yawe rasmi ni kwamba yakishafika pale, kuna mtu ambaye sasa ana wajibu. Kabla ya hapo una hasira na una ushahidi kwenye simu. Baada ya hapo kuna ofisi inayodaiwa jibu.

Basi. Hayathibitishi chochote. Yule uliyemlalamikia hajabadilika hata kidogo machoni pa sheria. Kifungu cha 50 cha Katiba bado kinamhesabu hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Aliyebadilika ni aliyepokea. Mkielewa hilo moja, nusu ya kelele za runinga zitawachekesha.

Na hapa lugha yetu yenyewe inatuponza. Angalieni neno "kushtaki". Mtoto anamwambia mwenzake, "nitakushtaki kwa mama." Jirani anakwenda kwa chifu "kumshtaki" mwenye ng'ombe walioingia shambani. Halafu Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma naye "anamshtaki" mtu mahakamani. Neno ni moja, mambo ni matatu tofauti. Kwa hiyo mwanasiasa akisema "nimemshtaki kwa EACC," amesema Kiswahili sahihi kabisa, ila wewe uliye nyumbani umesikia pingu. Magazeti yetu, tuwape haki yao, hujitahidi kutenganisha mshukiwa na mshtakiwa. Kwenye komenti tofauti hiyo hufa ndani ya dakika mbili.

Hebu tufuate njia yenyewe, mtaona kati ya mlalamishi na mshtakiwa kuna safari ya umbali gani. Umeibiwa au umepigwa. Unakwenda stesheni, tukio linaandikwa kwenye kitabu cha matukio, unapewa namba ya OB. Ulipigwa? Unapewa fomu ya P3 ikajazwe na daktari. Hapo wewe ni mlalamishi. Polisi wanachunguza, faili inakwenda kwa DPP. DPP anaisoma na kuamua kama ushahidi unatosha. Kifungu cha 157 kinasema hahitaji ruhusa ya mtu yeyote kuanzisha kesi na hapokei amri kutoka kwa yeyote. Akiridhika, ndipo shtaka linaandikwa, ndipo mtu anasomewa kizimbani na kuulizwa, "unakubali au unakana?" Ni hapo tu panapozaliwa mshtakiwa.

Kuna mlango mwingine ambao Wakenya wengi hawaujui. Kifungu cha 89 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu mtu mwenye sababu za maana za kuamini kwamba kosa limetendwa apeleke malalamishi yake moja kwa moja kwa hakimu. Unaweza kuyasema kwa mdomo; hakimu atayaandika, na nyote wawili mtatia saini. Akiona yanaonyesha kosa, shtaka rasmi linaandaliwa na hakimu anatia saini. Akiona hayaonyeshi kosa lolote, anakataa kuyapokea, na lazima aandike sababu za kukataa. Yaani hata pale sheria inapoweka malalamishi na shtaka kwenye ukurasa mmoja, imeziweka kama karatasi mbili, na katikati yake imemweka mtu wa kupima. Si njia rahisi, na DPP ana uwezo wa kuichukua kesi yoyote ya namna hiyo na kuiendesha mwenyewe. Lakini mlango upo.

Sasa turudi kwa yule afisa mwenye tai, kwa sababu huyu ndiye anayeniudhi zaidi kuliko wale wawili.

"Hatujapokea malalamishi rasmi." Fungueni Katiba, Kifungu cha 252. Kinasema kila tume na kila ofisi huru inaweza kufanya uchunguzi kwa hiari yake yenyewe, au kwa malalamishi ya mwananchi. "Au", si "na". Sheria ya EACC inarudia maneno hayohayo. Kwa hiyo tume inaposema inasubiri mtu alete barua, inatwambia habari za uamuzi wake, haitwambii habari za sheria. Huenda ina sababu nzuri ya kusubiri: pengine haina maafisa wa kutosha, pengine video ile haijulikani ilipigwa wapi. Sawa, iseme hivyo. Isijifiche nyuma ya karatasi ambayo Katiba haikuidai.

Polisi je? Wao hawako kwenye Kifungu cha 252, lakini Kifungu cha 157 kinampa DPP uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze "habari au tuhuma yoyote" ya uhalifu, na Inspekta Jenerali lazima atii. Habari yoyote. Haikuandikwa "barua iliyopigwa muhuri". Na mtu akifa au akiumia vibaya mikononi mwa polisi, sheria ya IPOA inawataka polisi wenyewe waijulishe IPOA mara moja. Familia haitakiwi kukusanya nauli kwenda Nairobi ndipo jambo lianze kuwepo. Nikisikia msemaji anaambia familia iliyofiwa kwamba "hawajaripoti", huwa nazima redio.

Na yule wa pili, anayesema hakuna malalamishi dhidi yake? Anaweza kuwa anasema ukweli mtupu, na bado hajatwambia lolote kuhusu alichofanya. Malalamishi hutegemea kama kuna mtu aliyejua, aliyethubutu, aliyekuwa na nauli, aliyejua mlango. Ukosefu wake unaweza kuwa usafi, unaweza kuwa woga wa majirani. Hali kadhalika yule wa kwanza: malalamishi kuwepo kunaweza kuwa ushahidi wa uovu, na kunaweza kuwa mshindani ana wakili mwenye muda. Ukiwasikia wawili hawa kwenye mdahalo, maswali ya kuwauliza ni haya: yalipelekwa ofisi gani, lini, na ofisi ilijibu nini? Anayejua majibu anaongea habari za kweli. Asiyejua anapiga siasa.

Niwape mfano wa pale malalamishi yanapopitia vizingiti, kwa sababu huu unaletwa sana kwenye mijadala: kumwondoa kamishna wa tume ya kikatiba, tuseme tume ya uchaguzi. Kifungu cha 251. Mtu yeyote, hata wewe hapo, anaweza kupeleka ombi Bunge la Kitaifa akieleza mambo anayodai yametendeka. Bunge linalitazama. Likiridhika kwamba ombi linaonyesha sababu mojawapo zilizotajwa kwenye Katiba, linampelekea Rais. Rais anaweza kumsimamisha kamishna kazi, na anateua jopo. Jopo linachunguza na kutoa pendekezo ambalo Rais hana budi kulifuata, ndani ya siku 30. Majaji nao wana njia yao kwenye Kifungu cha 168, ombi likianzia kwa Tume ya Huduma za Mahakama, JSC. Sasa ombi linapopelekwa tu asubuhi, kufikia saa sita mtandao unasema "kamishna ang'olewa." Ndugu, huyo hata kizingiti cha kwanza hajakifikia. Na akisimamishwa kazi, bado hajaondolewa. Gavana ni tofauti kabisa: kumwondoa huanza na hoja ya mjumbe wa bunge la kaunti inayoungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wajumbe wote. Barua yako inaweza kumpa MCA risasi, lakini haiwezi kufyatua bunduki hiyo.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo linawaangusha watu wengi wenye haki yao: mlango usio sahihi.

Tuseme hivi, ni mfano wa kubuni. Umekwenda ofisi moja ya serikali kufuatilia faili ya shamba la marehemu baba yako. Umezungushwa miezi minane. Siku moja karani anakwambia kwa sauti ya chini kwamba kwa 5,000 faili itatembea. Hukulipa. Unakasirika, unaandika barua moja ndefu, unaipeleka kwa Ombudsman.

Una malalamishi mangapi hapo? Mawili. Kuzungushwa miezi minane ni uzembe wa utawala, na hilo ni la Ombudsman kweli. Kuombwa 5,000 ni rushwa, ni kosa la jinai, na sheria ya Ombudsman inasema wazi kwamba haichunguzi makosa ya jinai. Hilo ni la EACC. Ukiyachanganya kwenye barua moja, kila ofisi inaweza kusoma nusu isiyowahusu na kukutuma kwingine. Ukiyatenganisha, kila barua inasimama kwa miguu yake. Jambo lingine: Ombudsman haigusi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Kwa hiyo ukikimbilia korti kwanza kwa hasira, unaweza kuwa umeufunga mlango wa bure kwa mkono wako mwenyewe.

Na korti nazo zina wivu wao. Tangu 1992 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba pale Katiba au sheria imeweka njia mahsusi ya kushughulikia jambo, njia hiyo ifuatwe. Sheria ya Utawala wa Haki ya 2015, kifungu cha 9, inakuambia Mahakama Kuu haitapitia uamuzi wa ofisi kabla hujamaliza njia za ndani, isipokuwa kuwe na hali isiyo ya kawaida. Ndiyo maana mnaona kesi za mchujo wa vyama zikitupwa asubuhi na mapema: mtu hakujaribu kwanza kutatua ndani ya chama. Wafuasi wake wanasema majaji wamenunuliwa. Jaji amesoma tu sheria.

Kuna suala la saa. Malalamishi mengi yana saa iliyoanza kukimbia kabla hujaketi kuandika. Aliyekosa tenda ya serikali ana siku 14 tangu ajulishwe kwenda kwa bodi ya kukagua zabuni, na bodi ina siku 21 kuamua. Na ni mwombaji wa zabuni hiyo tu anayeweza kwenda. Mimi na wewe tunaopiga kelele mtandaoni hatuna nafasi pale, labda kwingine. Kupinga uchaguzi wa mbunge au gavana ni siku 28 tangu matokeo yatangazwe. Wa urais ni siku 7, na Mahakama ya Juu ina siku 14 kuamua. Mwaka 2017 matokeo yalitangazwa tarehe 11 Agosti, ombi likaingia tarehe 18, siku ya saba yenyewe, na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukafutwa. Mwaka 2013, mahakama hiyohiyo ilikataa hati ya kiapo ya ziada yenye kurasa zaidi ya 800 kwa sababu ililetwa nje ya muda. Sisemi kilichokuwa ndani ya kurasa zile kingebadilisha chochote. Nasema tu kwamba hazikusomwa kama ushahidi.

Hizo za uchaguzi pia si za bure, msidanganywe. Ukipinga uchaguzi wa MCA unaweka dhamana ya shilingi 100,000. Mbunge au gavana, 500,000. Urais, milioni moja. Ni pesa za kugharamia upande wa pili ukishindwa. Kwa hiyo mgombea akitangaza jukwaani "tutaenda kortini," hesabuni siku na mwulize kama ameweka dhamana. Wengi huwa wanaaga tu kwa heshima.

Sasa ndani ya malalamishi kuwe na nini? Kuna kesi ya 1979 inayoitwa Anarita Karimi Njeru, ambayo mawakili wetu wanaitaja karibu kila wiki. Ilisema kwamba anayedai haki yake ya kikatiba imevunjwa aeleze kwa usahihi wa kutosha anacholalamikia, kifungu gani kimevunjwa, na kimevunjwa vipi. Wengine wakaigeuza kuwa rungu la kuwapiga maskini wasio na mawakili. Katiba ya 2010 ikalegeza: Kifungu cha 22 kinataka masharti ya kuanzisha kesi za haki yawe machache kabisa, korti ipokee hata nyaraka zisizo rasmi ikibidi, na hakuna ada ya kufungua. Kanuni za 2013 zikaongeza kwamba barua inatosha, hata ombi la mdomo. Mtu akiniuliza hayo mawili yanapatanaje, namwambia umbo limelegezwa, maana haijalegezwa. Andika kwenye karatasi ya daftari ukitaka. Lakini jaji lazima amalize kusoma akijua nani alikufanya nini.

Linganisheni. Barua ya kwanza: "Ofisi hii imejaa wezi na kila mtu hapa mtaani anajua." Ya pili: "Jumanne tarehe fulani, saa nne asubuhi, kaunta namba 3, niliambiwa na mhudumu wa kiume nilipe 5,000 ili faili namba fulani isogezwe. Sikulipa. Dada yangu alikuwepo na yuko tayari kuandika taarifa. Naomba jambo hili lichunguzwe na nijulishwe matokeo kwa maandishi." Ya kwanza ina ukali, lakini mpelelezi hana pa kuanzia. Ya pili ni baridi kama chai ya mchana, na inamtia mtu jasho. Tenganisha ulichoona na ulichosikia. Kama hujui jina, usibuni jina, eleza mtu. Na usipeleke stakabadhi za asili, peleka nakala.

Halafu muhuri! Wazee wetu walilijua hili kuliko sisi wa skrinshoti. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi ile uliyotuma pamoja na jibu lao. Siku wakisema "hatujapokea malalamishi rasmi," una karatasi ya kuwajibu. Na kama wamepokea wakanyamaza, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: andika uulize jambo lako limefika wapi. Wana siku 21 za kukujibu, na saa 48 kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Wasipojibu, unakwenda kwa Ombudsman kwa hilo la kunyimwa habari peke yake. Niseme ukweli pia: Ombudsman ikichunguza uzembe wa ofisi, mwisho wake huwa mapendekezo, na mahakama zimeshaamua kwamba mapendekezo hayo si amri. Yana uzito, yanaingia kwenye ripoti Bungeni, yanaaibisha. Ila asije mtu akawauzia kwamba barua moja itamfukuza afisa kazi.

Kabla ya maswali, tahadhari kwa nyinyi mashujaa wa kibodi. Malalamishi yanayopelekwa kwa ofisi husika, kwa nia njema, yana kinga ya kisheria dhidi ya kesi ya kashfa. Si kinga kamili, chuki ikithibitika inaondoka, lakini ipo. Maneno hayohayo ukiyabandika mtandaoni kwa watu elfu 40, kinga hiyo huipati kirahisi. Yaani mtu mmoja, tuhuma moja: mlango wa EACC unakulinda, ukurasa wako unakuacha uchi. Na sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 inawalinda watoa habari, ikiwemo kutotajwa majina yao kortini. Hailindi anayesema asiloliamini. Kumpa afisa wa umma taarifa unayojua ni ya uongo ili atende jambo fulani ni kosa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka mitatu. Kuapa uongo ni miaka saba. Wanaotumwa na wanasiasa kutia saini hati za kiapo wasizozisoma wasikie hilo: jina kwenye kiapo ni lako, si la aliyekulipia teksi.

Maswali yalikuwa mengi, nachukua matatu.

Mmoja aliuliza kama lazima aandike kwa Kiingereza. Hapana. Kifungu cha 7: Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mhudumu akikurudisha kwa sababu barua ni ya Kiswahili, mwombe aandike sababu hiyo na kutia saini. Utaona jinsi barua inavyopokelewa haraka.

Mwingine akauliza kuhusu kuripoti bila jina. EACC ina njia ya mtandaoni ya kuripoti bila kujitambulisha, na unaweza kuendelea kuwasiliana nao humo bila kujulikana. Faida ni usalama. Hasara ni kwamba kesi huhitaji mtu wa kusimama kizimbani kama shahidi, kwa hiyo ripoti isiyo na jina inafaa zaidi ikiwa na nyaraka zinazojisemea zenyewe: namba ya malipo, tarehe ya mkataba, mahali mradi hewa ulipotakiwa kuwa. Ukiwa na maneno matupu na huna jina, umewapa mpelelezi kivuli.

Na wa mwisho ndiye aliyetukalisha hadi saa sita usiku. Aliuliza: mlalamishi akinunuliwa akaondoa malalamishi, jambo limekufa? Tumeliona hili mara nyingi, mtu analia kwenye kamera Jumatatu, Ijumaa anasema "tumeelewana kama familia." Jibu linategemea mlango. Kwenye kesi ya jinai iliyofika kortini, mahakama zimeeleza mara kadhaa kwamba mlalamikaji kisheria ni Jamhuri. Wewe uliyepigwa ni shahidi muhimu, lakini kesi si mali yako. Ukitaka iondolewe, lazima korti iridhike kwamba kuna sababu za kutosha. Hata DPP mwenyewe hawezi kuisimamisha bila ruhusa ya korti. Ombi la kupinga uchaguzi nalo haliondolewi bila ruhusa ya mahakama, na mpiga kura mwingine anaweza kuomba achukue nafasi ya aliyejiondoa. Kabla ya kufika kortini, pale stesheni, kwenye faili, ndipo mambo hufia kimyakimya, kwa sababu polisi bila shahidi wana kazi ngumu. Kwa hiyo ukisikia "mlalamishi ameondoa kesi," uliza kwanza ilikuwa imefika wapi. Kama ilikuwa na namba ya korti, kuna jaji au hakimu aliyeombwa ruhusa, na kuna rekodi ya alichosema. Nenda kwa masjala ukaisome.